Una shida idarani? Jua mlango wa kuanzia kabla hujapigwa danadana

MezaYaMbele (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Wiki hii nimesoma humu maswali matatu ambayo ukiyakamua linabaki moja. Mmoja alama zake hazionekani. Mwingine kamwandikia mhadhiri mara tatu, kimya. Wa tatu anaumwa na mtihani ni keshokutwa. Wote wanauliza wamwone nani, na wachangiaji karibu wote wamejibu, "Nenda kwa mkuu wa idara."

Hapo ndipo nilipoamua kuandika. Nimekaa nje ya mlango wa mkuu wa idara miaka 6, mimi nikiwa karani. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi, na nilizungushwa mpaka kozi moja ikanila. Chuo sikitaji.

Nilivyoona mimi, shida nyingi za wanafunzi hazikwami kwa kukosa mtu wa kuwajali. Zinakwama kwa kuwa zimepelekwa kwa mtu asiye na uwezo wa kuzimaliza, naye akaona haya kusema "hapa si mahali pake". Anayekusikiliza na anayeamua mara nyingi si mtu mmoja, na katikati yao yupo anayeshika karatasi.

Yangu ilikuwa hivi. Mwaka wa pili niliugua siku ya mtihani. Nilipopata nguvu za kutembea nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara. Akanipokea vizuri, akanipa pole, akasema, "Usijali, tutaliangalia." Nikarudi chumbani moyo umetulia. Matokeo yalipotoka, kwenye ile kozi kuna sifuri. Kumbe kulikuwa na fomu ya kuomba mtihani maalumu. Ilitakiwa ijazwe, iambatishwe cheti cha daktari chenye tarehe ya siku ile ile, ipite kwa mratibu wa mitihani, na ifike kabla kamati haijakaa. Fomu zenyewe zilikuwa kwenye droo ya karani, hatua nne kutoka pale niliposimama. Mkuu wa idara hakunidanganya. Alisahau tu, na mimi sikuwa na karatasi yoyote ya kumkumbusha.

Kwa hiyo kabla hujabisha hodi popote, jiulize shida yako imekaa wapi: kwenye kozi moja, kwenye mwenendo wa masomo yako yote, kwenye mtihani, au nje kabisa ya darasa.

Ikiwa ni kozi moja, anza na mhadhiri wa kozi hiyo au msaidizi anayeendesha semina. Alama ya jaribio, kazi uliyochelewa kukusanya, swali lililosahihishwa vibaya, vyote ni vyake. Mkuu wa idara hawezi kukupa alama ambayo mhadhiri hajaileta. Atakurudisha huko huko, na utamkuta mhadhiri ameshasikia kwamba umemshtaki kabla hata hujamuuliza.

Ikiwa ni masomo kwa jumla, yaani kuchagua kozi, kupunguza mzigo wa semista, kuhama programu au kuahirisha mwaka, mtu wako ni mshauri wa masomo. Fomu nyingi za namna hiyo hazisogei bila saini yake.

Mratibu wa mitihani nitamkalia kidogo, kwa sababu wanafunzi wengi hawajui kama yupo. Ni mhadhiri kama wengine, kaongezewa kazi hiyo juu ya vipindi vyake, na mara nyingi mlango wake hauna kibao chochote cha kukwambia. Ratiba zikigongana, ni yeye. Alama isipoonekana wakati mtihani umefanya, ni yeye. Ukiumwa siku ya mtihani, ni yeye, na si wiki tatu baadaye. Alama ikigundulika ina kasoro kabla ya matokeo kupitishwa, inaweza kurekebishwa kwa mhadhiri kuleta karatasi iliyosahihishwa. Matokeo yakishapita kwenye vikao vya juu, marekebisho hayo hayo yanataka barua ya maelezo, kikao kingine, na subira ambayo hukuwa umeipanga.

Mambo ya nje ya darasa, kama ada, malazi, ugonjwa, msiba au msongo wa mawazo, idara haina fungu wala daktari wa kuyatibu. Kuna ofisi ya ustawi wa wanafunzi, kuna ushauri nasaha, kuna zahanati, kuna ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Ila mambo hayo yakigusa masomo, idara ijulishwe. Huna haja ya kumsimulia karani ugonjwa wako mbele ya foleni. Ofisi husika inaandika barua kwamba unastahili muda wa ziada au kuahirishiwa, na barua hiyo ndiyo idara inayoitaka.

Mkuu wa idara ni wa mwisho ndani ya idara, hasa pale wengine waliposhindwa au wao wenyewe wanapolalamikiwa.

Na kama hujui kabisa pa kuanzia, njoo kwa karani. Haamui lolote, lakini anajua fomu ipi, kwa nani, mwisho lini, na nani yuko likizo.

Niwaonyeshe meza yangu ilivyokuwa. Trei mbili, ya kuingia na ya kutoka, na daftari kubwa la jalada gumu. Karatasi ikiingia naandika tarehe, jina, namba ya usajili, inahusu nini, imeenda kwa nani. Mwanafunzi akija baada ya wiki kuuliza barua yake imefika wapi, nafunua, dakika moja ana jibu. Aliyeisukuma barua chini ya mlango wa mkuu jioni hayumo daftarini. Siku moja tulihamisha kabati mle ndani, tukakuta barua tano chini ya zulia. Moja ilikuwa ya mtu aliyekwisha hitimu.

Hivyo peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unaondoka nayo.

Karibuni, ulizeni.

---

KitiChaNyuma

Nimeshaweka kambi hapa. Mkuu, huyo mshauri wa masomo ndiye nani hasa? Niko mwaka wa pili na sijawahi kumsikia wangu.

MezaYaMbele

Yupo, ila hakuna aliyekwambia. Orodha ya nani anamshauri nani hutengenezwa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, inabandikwa ubaoni siku mbili tatu, halafu inafunikwa na tangazo la mpira. Nenda ofisini useme, "Naomba kujua mshauri wangu wa masomo ni nani." Ukimpata, usisubiri shida. Nenda jitambulishe, dakika tano tu. Siku utakayoomba saini yake awe amewahi kuona sura yako.

Chaki_Nyeupe

Mimi nafundisha, nami naomba nitetee upande wetu kidogo kuhusu hili la "mhadhiri hajibu".

Barua pepe ninayoipata zaidi ni hii: "Habari mwalimu, mimi ni mwanafunzi wako, alama zangu hazijakaa sawa naomba msaada." Basi. Hakuna jina, anwani yenyewe ni ya utani aliyoifungua akiwa sekondari, na nina kozi tatu. Mwanafunzi wangu yupi? Alama zipi? Naiacha ili niulize nikipata nafasi, inazama chini ya nyingine sitini.

Ningependa kupata kitu kama hiki:

*Kichwa: Alama ya jaribio la pili haionekani, kozi ya Takwimu mwaka wa 2*

*Mwalimu, habari za kazi. Ninaitwa (majina kamili), namba ya usajili (namba). Nilifanya jaribio la pili siku ya Alhamisi kikao cha asubuhi na nilisaini karatasi ya mahudhurio. Kwenye mfumo nafasi ya alama hiyo iko wazi. Nimeambatisha picha ya ukurasa. Naomba uniangalizie, au unielekeze kwa anayehusika. Ninaweza kufika ofisini Jumanne au Jumatano wakati wa saa zako za wanafunzi. Ahsante.*

Hiyo naijibu nikiwa nimesimama. Naweza kuituma kwa mratibu wa mitihani bila kuongeza neno. Na mtumie anwani mliyopewa na chuo. Ofisi nyingi haziruhusiwi kujadili alama za mtu kupitia anwani isiyothibitika, kwa sababu yeyote anaweza kujiita wewe.

Mzee_wa_Sapu

😂😂 "anwani ya utani aliyoifungua akiwa sekondari". Mwalimu umenigusa.

NyotaYaAsubuhi

Uzi mzuri, lakini mkuu umewapaka makarani mafuta. Wa kwetu ukibisha hodi anakujibu bila kuinua macho, "Njoo kesho." Kesho unaambiwa mwenye mafaili hayupo. Nilienda mara nne kwa fomu moja ya kurasa mbili. Mara ya nne nililia kwenye ngazi.

MezaYaMbele

Pole sana dada. Sitamtetea. Wapo, na mimi mwenyewe wiki za usajili kuna siku nilijibu watu vibaya.

Ukikutana na wa namna hiyo, acha kwenda kwa miguu peke yake. Andika barua pepe fupi kwa anwani ya idara, si ya mtu: "Nilifika ofisini tarehe fulani na fulani kuomba fomu fulani, nikaambiwa nirudi. Naomba kujua siku ya kuipata, kwa kuwa mwisho wa kuiwasilisha ni tarehe fulani." Usitukane, usieleze ulivyolia. Zile tarehe zinatosha, kwa sababu anayesoma anwani ya idara mara nyingi si karani peke yake. Na fomu nyingi siku hizi ziko kwenye tovuti ya chuo, ukurasa wa msajili au wa kitivo. Angalia huko kwanza, unaweza usihitaji uso wa mtu.

Kivuli_cha_Mwembe

Wakuu, na ikiwa shida yenyewe ndiye mhadhiri? Sisemi alama. Kuna rafiki yangu anaitwa ofisini saa za jioni, ujumbe mpaka usiku, na ameshaambiwa matokeo yake "yanategemea yeye mwenyewe".

MezaYaMbele

Hapa sahau ngazi zote nilizoandika juu. Asianzie kwa mhadhiri huyo, na asilazimike hata kuanzia idarani, maana ni watu wanaokunywa chai pamoja. Vyuo vina ofisi ya malalamiko ya namna hiyo nje ya idara. Kwingine inaitwa dawati la jinsia, kwingine iko chini ya mshauri wa wanafunzi. Kama kuna tishio la nguvu au ameshaguswa, polisi ni haki yake na hahitaji ruhusa ya chuo.

Asifute ujumbe hata mmoja. Apige picha za skrini zinazoonyesha namba na saa, azitume mahali pengine nje ya simu yake. Aandike tarehe na maneno akiwa bado anayakumbuka. Akiitwa tena, aende na mtu au asiende.

Dada_Mshauri

Niongezee, maana nafanya kazi ya ushauri nasaha. Kabla hajasimulia yote, aulize: "Nikikueleza hili, ni nani mwingine atajua?" Ni swali la halali na hakuna atakayeliona la ajabu. Mshauri nasaha anatunza siri isipokuwa pale maisha yako au ya mwingine yapo hatarini, au sheria inapomlazimisha. Mhadhiri au mshauri wa masomo anaweza kuwa chini ya kanuni tofauti. Vyuo vingine vinamtaka aripoti akisikia tu jambo la unyanyasaji, hata kama mwanafunzi kasema "usimwambie mtu". Bora rafiki yako ajue hilo mapema ili achague mwenyewe nani wa kumfungulia moyo.

Kivuli_cha_Mwembe

Ahsanteni. Nitampelekea haya usiku huu.

Baba_wa_Watatu

Mimi ni mzazi. Binti yangu yuko ughaibuni, Marekani, na semista iliyopita alikuwa ananijibu nusunusu. Nikapiga simu idarani kwake kuuliza maendeleo yake, nikaambiwa hawawezi kuniambia. Ada nalipa mimi! Hii ni sawa?

Mpita_Bahari

Mzee wangu, shikamoo. Hawakukudharau. Kule kuna sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi, wenyewe wanaiita FERPA. Akishaingia chuo kikuu, haki ya kumbukumbu hizo inahama kutoka kwa mzazi kwenda kwake, hata kama hajafika miaka 18. Ina mianya michache, lakini njia nyepesi ni binti mwenyewe kusaini idhini kwa msajili ili wakujibu. Ongea naye kwanza, mzee. Wengi wananyamaza kwa kuona haya.

Na yeyote anayesoma kule kwa viza ya F-1, sikieni hili. Mshauri wa masomo anaweza kukwambia kwa nia njema kabisa, "Umelemewa, punguza kozi moja." Kimasomo yuko sahihi. Kiviza unaweza kuwa umejikata. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anatakiwa awe na angalau saa 12 za masomo zinazohesabiwa kwenye shahada (credit hours) kwa semista, na ukitaka kushuka chini ya hapo, ofisa wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni akuidhinishe KABLA hujaiacha kozi. Nilinusurika kwa sababu mwenzangu wa chumba aliniuliza tu, "Umewaambia wale wa viza?"

Baba_wa_Watatu

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, nitampigia leo.

Tasnifu_Sugu

Sisi wa shahada za juu mmetusahau. Msimamizi wangu ana sura yangu ya pili tangu miezi mitatu iliyopita. Nikimkumbusha anasema "naisoma". Nikienda kwa mkuu wa idara naogopa msimamizi atanichukia, na ndiye atakayesaini tasnifu.

Chaki_Nyeupe

Woga wako naujua. Ila kati yako na mkuu wa idara yupo mratibu wa masomo ya uzamili, na kazi yake ni hiyo hasa. Usiende kushtaki. Nenda na ripoti ya maendeleo. Vyuo vingi vinataka ijazwe kila muhula, na watu huifanya kama zoezi la kupoteza wino. Jaza kweli: sura ya pili iliwasilishwa tarehe fulani, maoni hayajapokelewa. Hujamtukana mtu, umejaza fomu. Mratibu akiisoma, yeye ndiye atakayemuuliza mwenzake.

Jambo lingine, baada ya kila kikao na msimamizi mtumie mistari mitatu: tulikubaliana hivi, mimi nitafanya hiki, wewe utanirudishia kile tarehe hii. Mimi binafsi nikitumiwa hivyo naona aibu kuchelewa.

Mzee_wa_Sapu

Na ukishapita ngazi zote hizo chuo kikakukatalia? Au ndio kuinamisha kichwa?

Mpita_Bahari

Inategemea uko wapi. Vyuo vingine vina msuluhishi huru, wanamwita ombudsman, neno la Kiswidi. Chuo Kikuu cha Simon Fraser cha Kanada kina ofisi hiyo tangu 1965. Habadilishi alama, lakini anaweza kuuliza kwa nini utaratibu haukufuatwa, na huwa hayuko chini ya idara yoyote.

Kwa England na Wales kuna chombo nje ya vyuo kabisa kinachosikiliza malalamiko ya wanafunzi, kifupi chake OIA. Hakikupokei mpaka umalize ngazi zote za ndani na chuo kikupe barua ya kuthibitisha hivyo, na kuanzia tarehe ya barua hiyo una miezi 12. Aliyeruka ngazi anarudishwa mwanzo.

KitiChaNyuma

Kiongozi wa darasa naye ana nafasi gani? Sisi tukipata shida tunamtuma yeye.

MezaYaMbele

Mtumeni kwa shida ya darasa: mhadhiri haonekani, chumba hakitoshi, mitihani miwili saa moja. Watu arobaini wakisaini karatasi moja, mkuu wa idara anaisoma siku hiyo hiyo. Shida yako binafsi usimpe. Kwanza atasahau nusu, pili utaisikia kwenye kundi la darasa kabla ya jioni.

---

KitiChaNyuma (siku kumi baadaye)

Wakuu nimerudi na mrejesho. Yule aliyesema mwanzoni mwa mwezi humu kwamba alama hazionekani ndiye mimi, niliona haya kurudia.

Nilianza kwa karani. Akanitajia mratibu wa mitihani, chumba cha ghorofa ya juu, mlango kweli hauna kibao. Nilikwenda na barua nakala mbili na picha ya mfumo. Mratibu akaleta karatasi ya mahudhurio ya siku ile, akapitisha rula mstari kwa mstari. Saini yangu ipo. Akafungua orodha ya alama, mstari wangu mtupu, ila chini kabisa kuna alama imekaa kwenye namba ya usajili isiyo ya mtu yeyote. Tarakimu mbili za mwisho zimepinduliwa. Badala ya 47 imeandikwa 74. Akatazama kijitabu changu cha majibu: nimeandika mimi mwenyewe 74, kwa mkono wangu, kwa haraka.

Nilikuwa nimeshaanza kumsema vibaya mhadhiri kwa watu.

Ameniambia itarekebishwa kabla kamati haijakaa wiki ijayo. Nakala yangu imegongwa muhuri.

MezaYaMbele

Safi sana. Hiyo yenye muhuri usiitupe hata alama ikionekana. Itunze mpaka siku utakayoshika transkripti mkononi.